UZI: Kuhamisha imeili za ofisi kwa mkono kutoka Google Workspace kwenda Microsoft 365, barua zote zifike

kebo_ndefu (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Swali la kuhamisha imeili za ofisi linarudi humu kila mara na majibu ni yaleyale mawili, "nunua programu" au "njoo PM". Leo namwaga yote hapa. Wateja wangu ni ofisi ndogo ndogo za Dar, mawakala wa forodha, wahasibu, wauza vipuri, watu wenye masanduku sita, kumi, kumi na tano hivi, na kwa saizi hiyo msimamo wangu ni kwamba fanya kwa mkono, hela ya programu kanunulie diski ya bakapu.

Kukopi barua ndo sehemu nyepesi jamani. Watu wanakesha wanaangalia barua zinavyohama alafu wanaumizwa na vitu vilivyoning'inia kwenye zile anwani, printa, fomu ya websaiti, akaunti za kulipia vitu, simu ya bosi. Kwahiyo nitaongea sana kuhusu hivyo kuliko kukopi kwenyewe. Natumia mfano wa kutoka Google Workspace kwenda Microsoft 365 kwa sababu ndo safari ninayoombwa zaidi (bosi anataka Outlook na Excel, basi), anayeenda upande wa pili ageuze tu majina.

Kabla hujagusa kitu jua DNS yako (daftari la mtandaoni linaloonyesha websaiti na imeili za domeini yenu ziko wapi) inasomwa wapi. Domeini ya .co.tz unaweza kuwa umeilipia kwa msajili fulani lakini nameserver (seva zinazoshika hiyo DNS) zimeelekezwa Cloudflare, au kwenye cPanel (paneli ya kuendeshea hosting) ya kijana aliyewatengenezea websaiti. Unabadilisha MX (rekodi inayosema barua zenu zipelekwe seva gani) kwa msajili unasubiri mpaka jua linazama, hakuna kitu, maana dunia haisomi pale. Fungua ile skrini nyeusi andika nslookup -type=ns jinalenu.co.tz, majina yatakayotoka ndo yanakwambia pa kwenda. Na ukiwa humohumo shusha TTL ya MX (sekunde ambazo seva nyingine zinaikumbuka rekodi kabla ya kuuliza tena) kabisa, cPanel nyingi zinakuja na 14400 yaani saa 4, weka 300, fanya hivyo angalau siku moja kabla ya siku ya kuhama, ukishusha dakika ileile unayobadilisha haisaidii kitu maana wenzio wameshabeba ile ya zamani.

Alafu kaa na karatasi uandike anwani zote. Sio watu tu. info@ mara nyingi sio sanduku, ni alias (jina la pili la sanduku la mtu) au ni kundi linalogawa barua kwa watu watatu, na alias hailipiwi leseni, usije ukamnunulia "info" leseni yake kama vile ni mfanyakazi. Ingia kila akaunti uangalie filta na fowadi. Hapo hapo ndo utakuta fowadi inayopeleka nakala za invoisi kwenye Gmail ya mtu ambaye hakuna anayemjua pale ofisini, na ukiiona hiyo simamisha kuhama kwanza, hilo ni tatizo jingine kubwa kuliko kuhama.

Na kuna mzee mmoja kila ofisi, yeye Outlook yake imesetiwa POP (mtindo wa kushusha barua zikae kwenye kompyuta) tangu enzi hizo. Barua zake za nyuma hazipo klaudi kabisa, zipo kwenye ile kompyuta yenye vumbi chini ya meza. Hizo unazitoa kwa faili la PST (faili la Outlook la kubebea barua) peke yake. Muulize mapema.

Naendelea chini, msijaze kurasa na "naweka kambi hapa" 😀

---

sato_wa_mwanza

Naweka kambi hapa.

---

kebo_ndefu

Haya. Masanduku kwanza, MX mwisho.

Ukiongeza domeini Microsoft watakupa rekodi ya TXT (mstari wa maandishi wa kuweka kwenye DNS) inayoanzia na MS=ms, iweke, thibitisha, baada ya hapo watakuletea MX na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu) na ndugu zake wote kwa pamoja, ruka, utarudi. Domeini moja inaweza kuwa imethibitishwa kote kuwili kwa wakati mmoja bila ugomvi. Kisha tengeneza masanduku yote na alias zote. Kwanini kwanza? Seva ya kupokea ikiwa haipatikani tu, seva ya mtumaji inaweka barua foleni na kujaribu tena na tena, kanuni ya RFC 5321 inasema isikate tamaa mpaka siku 4 au 5 hivi. Ila barua ikifika ikakuta sanduku halipo inarudishwa papo hapo na 550, mteja wako anaambiwa hakuna mtu kama huyo. Watu wanaogopa seva kuzima wakati hatari yenyewe ni jina lililosahaulika.

Mtego mwingine huu hapa: masanduku yakishakuwepo Microsoft usiwape wafanyakazi paswedi bado. Mtu akilogini kule akamwandikia mwenzake wa ofisi ileile, barua haiendi kuuliza MX hata kidogo, inabaki humohumo ndani, na mwenzake yuko bado Gmail anasubiri. Na baada ya kuhama ni hivyohivyo kwa upande wa pili, yule anayeendelea kufungua Gmail ya zamani kwenye simu anawaandikia watu walioondoka. Kwahiyo siku ya kuhama badilisha paswedi za zamani zote, toa watu nje.

Sasa kukopi. Washa IMAP (njia ya programu kusoma barua zikiwa zimebaki kwenye seva) kwenye admini ya Google, weka Thunderbird (programu ya bure ya imeili) kwenye laptopu, ongeza akaunti zote mbili za mtu mmoja, Thunderbird inajua OAuth (kulogini bila kuipa programu paswedi) ya Google na ya Microsoft kwahiyo unalogini kwa dirisha la kawaida. Chagua barua, bonyeza kulia, Copy To, folda ya upande wa pili. Usitumie Move, asilani. Kopi kwa mafungu, mwaka mmoja mmoja au barua elfu mbili tatu, ukibeba folda nzima ya miaka nane ikakatikia katikati hutajua imeishia wapi.

Gmail haina folda ina lebo, barua yenye lebo mbili IMAP inakuonyesha mara mbili, na ile All Mail inakuonyesha kila kitu tena upya. Ukikopi vyote sanduku linavimba. Wengi wakishajua hilo wanairuka All Mail, wanafurahi, kumbe barua zote ambazo mtu alibonyeza Archive bila kuzipa lebo zinaishi All Mail peke yake. Zinaachwa. Na bosi wa kazi nyingi ndo mtindo wake huo, akimaliza kusoma ana-achivu. Dawa yake, kwenye utafutaji wa Gmail andika has:nouserlabels -in:inbox -in:sent, chagua zote, zipe lebo mpya mfano "Kumbukumbu", alafu unakopi Inbox, Sent, lebo zake, na hiyo Kumbukumbu. Zitajirudia chache kwa sababu Gmail inabandika lebo kwa mazungumzo mazima, lakini bora kujirudia.

---

sato_wa_mwanza

Mkuu hapo Thunderbird nina swali, sanduku la meneja wetu lina GB 20 na huku intaneti yetu unaijua ilivyo, hiyo data inapita kwenye laptopu yangu au inaenda yenyewe kutoka Google kwenda Microsoft?

---

kebo_ndefu

Inapita kwako, mara mbili. Inashuka kisha inapanda. GB 20 ni GB 40 za bando. Na hata ungekuwa na faiba ya nguvu, Google wanaweka kikomo cha IMAP cha kushusha MB 2500 kwa siku kwa akaunti, ukizidisha wanaifunga akaunti kwa muda. GB 20 piga hesabu, siku 8 na chenji. Ndo maana nasema kukopi kunaanza wiki mbili kabla MX haijaguswa, barua za zamani hazibadiliki, unahamisha taratibu huku watu wanaendelea na kazi. Wanaotaka kwenda upande wa pili, yaani kuingia Gmail, kikomo cha kupandisha kwa IMAP ni MB 500 tu kwa siku, hapo msijaribu Thunderbird kwa sanduku kubwa, tumieni zana ya Google wenyewe ya kuhamishia data iliyoko kwenye admini.

Kwa huko Mwanza kodi seva ndogo ya mtandaoni kwa mwezi mmoja, uweke imapsync (programu ya kukopi barua kutoka seva hadi seva), data ipite Ulaya huko huko wewe unaangalia tu maandishi. Hii mambo ya kutegemea laptopu na kebo yetu, mnakumbuka Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja, nchi nzima ikawa inatambaa.

imapsync imeandikwa na Mfaransa Gilles Lamiral, ni ya amri za kuandika, uzuri wake ukiirudia haikopi tena kilichokwishaenda, inalinganisha vichwa vya barua. Anza na --dry ikuonyeshe itakachofanya bila kufanya. Upande wa Gmail inakubali paswedi ya programu, ila lazima akaunti iwe na uthibitisho wa hatua mbili. Upande wa Microsoft paswedi ya kawaida kwa IMAP walianza kuizima Oktoba 2022, unahitaji tokeni ya OAuth, hapo utatoka jasho kidogo. Ukimaliza futa ile seva na paswedi zote, barua za ofisi zina vitambulisho na mishahara ya watu na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, usibaki na nakala za watu kwenye laptopu yako.

---

mpinzani_rasmi

Mleta uzi unajitesa na unawatesa watu. Microsoft wana zana yao ya bure ndani ya Exchange admini (ukurasa wa Microsoft 365 wa kusimamia imeili) inavuta kutoka Google Workspace barua, kalenda na kontakti, klaudi kwa klaudi, hakuna bando hakuna Thunderbird. Kwa mkono ya nini karne hii?

---

kebo_ndefu

Kweli ipo na ni nzuri, masanduku yakizidi ishirini mimi mwenyewe naitumia. Ila mwambie na huyu msomaji kwamba itabidi afungue mradi kwenye Google Cloud, atengeneze akaunti ya huduma, aipe ruhusa ya domeini nzima, awashe API kadhaa, ndo aanze. Mtu mwenye masanduku sita na hajawahi kuona hiyo kurasa atamaliza siku mbili hapo kabla barua moja haijahama, na ile ruhusa ya domeini nzima akiisahau imebaki wazi. Na usiichanganye na ile nyingine ya IMAP ya hapo hapo, hiyo inavuta barua tu, haichukui kalenda wala kontakti, mwisho barua laki 5 kwa sanduku na barua moja isizidi MB 35.

Kila mmoja achague sumu yake. Mimi napenda ya mkono kwa sababu nafungua kila sanduku na kuona uchafu uliomo.

---

MtuWaHesabu

Samahanini mimi sio wa IT, niko idara ya fedha, ofisini wametutangazia tunahama. Anwani yangu ndo imesajiliwa TRA, BRELA, NeST (mfumo wa manunuzi ya serikali), na benki inatuma stetimenti hapo. Je nianze kuzunguka kote kubadilisha?

---

kebo_ndefu

Hapana dada/kaka, anwani yako haibadiliki, ni ileile, kinachobadilika ni jengo inapopokelewa. TRA wakituma itafika. Hofu yako iwe kwingine: popote ulipoingia kwa kile kitufe cha "Ingia kwa Google". Hapo haujaingia kwa imeili, umeingia kwa akaunti ya Google, na siku Workspace ikifungwa kile kitufe kinakufa hata kama imeili bado inapokea. Pita kote huko sasa hivi, tengeneza paswedi ya kawaida kwa anwani hiyohiyo.

Na hii ni kwa wote, akaunti ya Google inabeba mengi kuliko barua. Google Drive, fomu mlizotuma kwa wateja, eneo la ofisi kwenye ramani, Analytics ya websaiti, chaneli ya YouTube, simu ya Android ya dereva iliyosajiliwa nayo. Kuna kimoja kinauma sana: faili likizidi MB 25 Gmail hailiambatanishi, inaliweka Drive na kutuma linki. Ukikopi barua ile kwenda Outlook umekopi linki, sio faili. Siku Workspace inafungwa, nyaraka za mizigo za miaka mitano zimebaki linki tupu. Kwahiyo kabla ya kuaga fanya Takeout (zana ya Google ya kupakua data yako) ya Drive ya kila mtu, iweke kwenye diski.

---

MtuWaHesabu

Asante sana kaka, kumbe ningehangaika bure. Na tumepata imeili inasema "sanduku lako linahamishwa bonyeza hapa uthibitishe paswedi", hiyo ndo ya kuhama?

---

kebo_ndefu

USIBONYEZE. Piga simu IT wako. Wezi wanajua maneno haya haya, na ofisi ikiwa kwenye kuhama kweli ndo mtu anabonyeza kirahisi. Ndo maana mimi matangazo yote ya kuhama napitisha kwenye grupu la WhatsApp la ofisi au naenda kusimama pale mbele, imeili ya kuomba paswedi hatutumi kabisa na watu wanaambiwa hivyo kabla.

Tuje siku yenyewe. Ijumaa jioni. Badilisha MX, toa zile za Google zote, ziwe ASPMX na ALT zake au hii moja ya siku hizi smtp.google.com, weka ya Microsoft inayoishia na mail.protection.outlook.com, moja tu. Usiache ya Google kama akiba yenye namba kubwa (yaani ya kujaribiwa mwisho), hakuna akiba pale, ni barua kupotelea kule ambako hakuna anayesoma.

SPF ni rekodi moja. MOJA. Naona domeini za watu zina v=spf1 mbili, ya zamani na mpya, mpokeaji akikuta mbili anazihesabu zote ni kosa. Kwa wiki za mwanzo unganisha: v=spf1 include:spf.protection.outlook.com include:_spf.google.com ~all, baadaye utoe ya Google. Na hesabu, SPF inaruhusiwa kuuliza DNS mara 10 tu, ukirundika kila kampuni ya kutuma matangazo unazidisha. DKIM (saini ya kidijitali kwenye barua) ya Microsoft ni CNAME mbili (rekodi za kuelekeza jina kwenye jina jingine), selector1._domainkey na selector2._domainkey, ukiziweka rudi uiwashe, haijiwashi. DMARC (maagizo kwa mpokeaji afanye nini na barua inayofeli SPF na DKIM) kama mlikuwa nayo ya p=reject, yaani ikataliwe, ishushe kwanza p=none mpaka mwone barua zinapita. Hivi vitu sio mapambo, Google na Yahoo tangu Februari 2024 wanataka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na anayetuma kwa wingi (Google wanahesabu kuanzia 5000 hivi kwa siku) awe na vyote pamoja na DMARC.

Jumamosi rudia kukopi zile zilizoingia wiki ya mwisho, na Jumapili tena, maana mpaka TTL iishe kote kuna chache bado zinaangukia Gmail.

---

nairobi_mashariki

Niaje wadau. Mimi niko Nairobi, tumehama juzi, domeini ni .co.ke, imeili zinaingia poa kutoka Gmail na Yahoo. Shida ni fomu ya website yetu, watu wanajaza na hakuna kitu inafika. Pia kuna supplier mmoja ye hutuma na anaapa ametuma na sisi hatuoni, na hapati error yoyote. Nishacheki spam, nishacheki MX, iko sawa. Nimechoka buda.

---

kebo_ndefu

Website iko kwenye hosting ya cPanel? Na huyo supplier website yake iko kwa kampuni ileile ya hosting?

---

nairobi_mashariki

Enyewe iko cPanel. Na supplier ndiye alituelekeza kwa hao watu wa hosting, so yes, tuko nao pamoja.

---

kebo_ndefu

Basi umeshajibu. Ile seva ya cPanel bado inaamini domeini yenu inakaa kwake. Barua ikizaliwa ndani ya seva ileile, fomu yenu au sanduku la supplier, haitoki nje kuuliza MX, inaingizwa kwenye sanduku la ndani ambalo hakuna anayelifungua. Kwake imefika, ndo maana hapati kosa. Ingia cPanel, Email Routing, chagua domeini, weka Remote Mail Exchanger. Alafu ingia Webmail ya humohumo cPanel, barua zenu zimelala hapo.

---

nairobi_mashariki

BUDA. Ziko hapa zote. LPO mbili za supplier ziko hapa. Nakuchorea nini, lunch?

---

kebo_ndefu

😂 Chukua LPO zako kwanza.

Hii nilitaka kuiandika baadaye, ni nzuri umeitoa. Ofisi nyingi za kwetu zilianzia imeili za cPanel kabla ya kwenda Google, ule usajili wa zamani unabaki umelala kwenye seva miaka.

Ndugu yake ni printa. Ile mashine ya kuskani na kutuma moja kwa moja kwenye imeili ina paswedi ya zamani ndani yake. Jumatatu asubuhi itakuwa ya kwanza kulia. Microsoft kwa wateja wapya wamezima SMTP AUTH (mashine kutuma barua kwa kulogini na jina na paswedi), unaiwasha kwa lile sanduku moja tu la skana, au unaiacha skana itume moja kwa moja kwenye MX yenu kwa porti 25 kama mtoa intaneti hajaifunga, lakini hapo itatuma kwa watu wa ndani tu na IP ya ofisi iwe ya kudumu na iingizwe kwenye SPF.

---

sato_wa_mwanza

Sisi tumekwama mwanzo kabisa mkuu, domeini imesajiliwa kwa jina la fundi aliyetutengenezea websaiti, saivi hapokei simu.

---

kebo_ndefu

Hilo ndo linachelewesha kuliko IMAP na MX zote. Mwandikieni msajili barua yenye kichwa cha kampuni, muambatanishe cheti cha BRELA na risiti zozote mlizowahi kulipia, muombe mwenye domeini awe kampuni. Msajili akiwazungusha, rejista ya .tz siku hizi iko chini ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), waandikieni. Msihame chochote kabla ya hapo, leo mnabadilisha MX kesho yule anaamka anairudisha.

---

MtuWaHesabu

Na ile ya zamani tunaifunga lini? Bosi anasema analipia mara mbili.

---

kebo_ndefu

Mwezi mmoja wa kulipia kote kuwili, bosi avumilie. Ndani ya huo mwezi kila siku mbili tatu ingia Gmail ya zamani, ukikuta barua mpya imeingia jua kuna mahali bado panaelekeza huko, tafuta. Zikikauka kabisa, Takeout ya mwisho, alafu futa watumiaji mmoja mmoja. Ukimfuta mtu Google unayo siku 20 za kumrudisha na barua zake, baada ya hapo hakuna. Kalenda na kontakti kama mlitumia njia ya mkono hakikisha zimeshatolewa, kalenda kwa faili la ICS na kontakti kwa CSV, saini na filta andikeni upya tu. Akaunti ya admini iwe ya mwisho kabisa kufutwa.